Ugunduzi wa Ijumaa Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwisha. Mwalimu mkuu kaniita ofisini: mkaguzi anakuja darasani kwangu Ijumaa, saa nne. Anataka jiometri ya vitendo. Watoto washike, wakate, wagundue wenyewe, mwalimu akae pembeni. Nikauliza pembeni ipi. Hakucheka. Ripoti ikiwa mbaya, majaribio yangu ya ualimu yanaishia hapo na narudi stoo ya vitabu, nilikopanguza vumbi miaka minne. Sitaki kurudi stoo.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu. Kila mtoto kachora pembetatu yake kwenye karatasi, kaikata, kazinyofoa pembe zake tatu. Ukizipanga ncha kwa ncha zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Ndizo nyuzi mia na themanini. Rahisi! Nikakaa pembeni, nikangoja wagundue. Dakika arobaini. Mmoja kagundua kwamba karatasi ikilowa mate inanata kwenye paji la uso. Punde wote wakagundua. Mwalimu wa darasa la jirani, ambaye kuta zake zimejaa vyeti, akachungulia dirishani na kuuliza kwa upole kama ni upele.

Jioni nimepata jibu. Ugunduzi ni jambo zito mno, haufai kuachiwa watoto.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi ya kugundua. Kila mtoto nimempa maneno yake. Wa dawati la mbele atasema, "Hebu tazameni! Mstari ulionyooka!" Wa nyuma yake atakosea kwanza, makusudi, ili ionekane kweli. Nikigusa tai, darasa zima linashusha pumzi ya mshangao. Tumerudia mara kumi na moja. Mkasi wa shule umekuwa butu.

Kikwazo ni binti mmoja ambaye wenzake wanamwita Kwanini, na hawamwonei. Anataka kujua umbo likiwa na pembe nne itakuwaje. Nimemwambia pembe nne si za Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa nyumbani. Nilichukua mkasi wa mke wangu bila kumwambia. Yeye ni fundi cherehani, na mkasi ule hukata kitambaa tu. Karatasi ni haramu. Kaukuta mkobani mwangu umejaa gundi. Nikajitetea kwa kumweleza mpango wote, mpaka habari ya tai. Akanisikiliza huku akiusugua mafuta.

"Mume wangu," akasema, "mtu ukishampangia saa ya kushangaa, atashangaa nini tena?"

Mafundi hawaelewi mambo ya elimu. Yule binti Kwanini nimempa kazi ya kusimamia madirisha.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi, mama mwembamba asiye na haraka, alikaa nyuma. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Mstari ulionyooka! Pumzi ya mshangao! Nusura nishangae mwenyewe.

Ndipo akainuka, akakata umbo la pembe nne, akazinyofoa pembe na kuziweka dawati la mbele. Akauliza hizi zitakaaje. Macho yote kwangu. Mkono wangu, bila idhini yangu, ukaenda kwenye tai.

Darasa zima likashusha pumzi. Hakuna aliyekuwa amegusa kipande. Wa mbele akatangaza mstari ulionyooka.

Kwanini akaliacha dirisha lake. Akazipanga pembe zile nne, zikazunguka na kufunga bila kuacha nafasi. Akamuuliza mkaguzi zikiwa tano zitakaa wapi. Wakachuchumaa sakafuni, mtoto na mkaguzi, wakikata na kubishana, hata kengele hawakuisikia. Niliwaonea wivu. Nilitamani kuchuchumaa nao, lakini sikuwa nimejipangia maneno.

Mlangoni mkaguzi akanigeukia. "Ripoti sitaiandika leo. Nitarudi Ijumaa ijayo, na yule mtoto nisimkute dirishani."

Jumamosi, 8 Machi
Nimepona! Wiki nzima mbele yangu. Na kosa nimeliona wazi: niliwapa mshangao wasiouweza, nikamweka mwenye kipaji madirishani. Tangu alfajiri namwandikia Kwanini maswali atakayojiuliza mwenyewe. Yamefika kumi na mawili, kwa mpangilio. La saba atalisitasitia kidogo, lionekane limemjia papo hapo. Mke wangu kaiona karatasi, katikisa kichwa, karudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu tunaanza mazoezi ya kutojua.