Ule mutoto wa pili wa bwana yangu

Leo nimejipaka aibu miye mwenyewe, mbele ya bantu benye kusoma, na mutoto ku mugongo.

Munajua bwana yangu anachambuaka politiki ku redio. Muntu wa mudomo. Basi, iko page yake ku ile ansiklopedi ya ku enterneti, kila muntu anaweza kuandika ndani. Asubui nilikuwa nanyonyesha, nikasema nisome kidogo namna banamusifu. Masomo yake, kazi yake, maneno yake ya ku redio. Chini kabisa: «Ameoa. Ni baba wa batoto mbili.»

Mbili!

Sisi tuko paka na Exaucé, mutoto mumoja tu. Nikaangalia Exaucé. Exaucé akaniangalia. (Naye hakujua kitu.)

Pale pale akili ikaanza kutembea. Juzi alinunua marashi, nilinusa chupa yake, na haikunifikia. Kila juma anaenda mutaa wa Karavia, eti iko na debat. Simu yake inalalaka uso chini. Debat gani ya politiki inaomba marashi?

Nikafungua konti, nikafuta «mbili», nikaandika «mumoja». Nabadilisha mutoto nepi, naangalia tena: «mbili» imerudi! Nani aliirudisha? Jina yake imeandikwa: Fleur-de-Karavia.

Aaah. Ua la Karavia. Kumbe marashi inaendaka ku maua.

Nikarudi na kisirani. Nikafuta batoto bote, nikaongeza: «Ni muongo. Tena anakoromaka.» Ikafutwa mbio mbio. Ua akaniachia neno: «Ju ya muntu mwenye kuwa muzima, kila kitu inaomba chanzo.» Chanzo? Chanzo ni miye! Nalalaka pembeni yake!

Nikamuandikia pale banajadilianaka, na jina yangu yote: «Wewe mwanamuke, ulete huyo mutoto tuone sura yake.» Akajibu na adabu (adabu ya mwizi): leo muchana tunakutana mu sale moja ya mikutano, mutaa wa Bel-Air, tunapanga nini ibaki ku page na nini itoke. Karibu, madame, na chanzo yako.

Ananiita? Nakuja!

Mbele ya kutoka nilitupa nguo ya bwana yangu yote inje mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, bajirani ba mutaa wetu wa Naviundu baone. Nikapitia kwa mama-mukwe. Nilitaka shahidi wa damu.

«Mama, mutoto yako alizaa inje.»

Alifunga kitambaa ku kichwa, akavaa viatu vya misa.

Mu sale, bantu bako ku ordinatere, kila muntu na kompyuta yake, na page ya bwana yangu inaonekana ku ukuta, kubwa. Banabishana. Ile ugomvi ya bwana yangu na ministre moja, kuko gazeti iliandika? Kama hapana, itoke. Miye sina habari ya ministre. Nazunguka nanusa bamama, mumoja mumoja. Hakuna. Nikasimama katikati.

«Fleur-de-Karavia ni nani humu? Asimame!»

Akasimama papa moja wa ndevu nyeupe, tumbo mbele.

«Ni miye, madame. Nauzishaka maua ya ndoa na ya kilio, kule Karavia.»

Mama-mukwe akaninongoneza: «Ni huyu alizaa na mutoto yangu?»

Ningekaa. Pale pale ningekaa! Lakini mudomo ilikuwa imeisha kuwaka.

«Papa, nani alikuambia batoto mbili?»

«Bibi yake mwenyewe wa ndoa, madame. Iko video.»

«Bibi gani? Muonyeshe! Bantu bote bamuone!»

Papa akaniangalia, akaangalia ordinatere, akaniangalia tena. «Madame... labda tuangalie paka sisi wawili tu.»

«Ku ukuta!»

Akaweka ku ukuta. Uso mukubwa kama mulango: yangu. Siku ya ubatizo wa Exaucé, kitambaa imeenda upande, keki ku shavu. Jurnaliste moja ananiuliza maisha na muntu wa redio iko namna gani. Nami nacheka na meno yote: «Miye niko na batoto mbili mu nyumba!»

Sale nzima ikageuka kuniangalia. Papa akataka kukata. Nani alisema «Usikate, endelea»? Ni miye. (Nilizani mbele kuko kitu cha kuniokoa.)

Ku ukuta naendelea: «Huyu mudogo hana matata. Ule mukubwa njo analiaka kila asubui soksi yake iko wapi, na ameivaa!»

Bantu bakaanguka juu ya meza. Papa anapangusa machozi: «Pardon, madame. Miye nilisikilizaka paka mwanzo.» Hata Exaucé alicheka, nilisikia tumbo yake inatikisika ku mugongo yangu.

Mama-mukwe akasimama, mukono ku kiuno.

«Mufute. Ule mukubwa ni wangu. Nilimuazimisha tu.»

Bakafuta. Bakaandika «mumoja».

Ku njia ya kurudi, mama-mukwe alinishika mukono ili nisianguke, na upepo ikaniletea arufu yake. Ile marashi bwana alinunua: kumbe alimupa yeye, mama yake. Nilinusa bamama bote ba Bel-Air, ule niliyemuleta sikumunusa.

Nilikimbia kufika nyumbani mbele ya bwana. Bure. Namukuta amesimama mu lupango katikati ya mashati yake, bajirani banaangalia.

«Mama Exaucé, soksi yangu iko wapi?»

Leo alikuwa na haki ya kuuliza.

Tafazali, musinicheke. Na jurnaliste akikuja tena kuuliza niko na batoto ngapi, nitamutuma kwa mama-mukwe.