Malalamiko Kuhusu Bwana Harusi Aliyeulizwa Katika Faili Moja Akajibu Katika Jingine

Ndugu Watengenezaji wa Programu ya Kukata Video,

Poleni na kazi, na hongereni kwa kukaa mbali. Mimi ni fundi cherehani, baba wa bibi harusi, na mteja wenu niliyeipakua programu yenu bure. Najua mtasema mtu aliyepewa kitu cha bure hana mdomo wa kulalamika. Mimi naona ndiye hasa mwenye haki ya kulalamika, maana hana cha kurudishiwa isipokuwa amani yake.

Niwaeleze kwanza mambo yalivyokwenda. Binti yangu aliolewa. Mpiga video alirekodi tangu mapambo yanafungwa hadi viti vinakunjwa, kisha akatuletea faili moja nene kama godoro. Halikuingia kwenye simu ya mtu yeyote. Kompyuta yangu, niliyoiweka kwenye meza moja na cherehani, ilipojaribu kulifungua ilinguruma kama lori linalopanda mlima, halafu ikaganda, bibi harusi mguu mmoja ndani ya gari na mwingine nje. Ukoo ukakaa kikao. Ikaamuliwa video ikatwe vipande, na kila mtu atumiwe kile anachoonekana yeye. Alipotafutwa wa kukata, macho yote yakanigeukia. Dada yangu mkubwa, ambaye watoto humwita Shangazi, akasema, "Kwani wewe kazi yako si kukata? Kata basi." Hakuna aliyepinga, na chai ikaletwa.

Programu yenu ina kitufe kinachotafuta matukio chenyewe: picha ikibadilika ghafla, inahesabu kuwa tukio moja limekwisha na jingine limeanza. Pembeni pana kirungu cha kusogeza, kimeandikwa "usikivu". Nikakisukuma hadi mwisho. Hapa nyumbani naambiwa kila siku kwamba usikivu wangu ni mdogo, nikaona walau kompyuta isilaumiwe. Ikakata. Nikawatumia ndugu vipande vyao, kisha nikafuta kila kitu, faili kubwa na vipande vyote, ili mashine ipumue. Mpiga video naye alikuwa ameshafuta kadi yake na kurekodi mahafali ya watu. Sasa naomba mkae vizuri, malalamiko yanaanza.

1. Programu yenu haijui tofauti kati ya mmweko wa kamera na mwisho wa jambo. Tulikuwa na mpiga picha wa kawaida pia, mwenye flashi kali kama radi. Kila alipomulika, programu ilidhani dunia imebadilika, ikakata. Bibi harusi ameanza kutabasamu katika faili moja, amemalizia katika jingine. Mdogo wa mke wangu alipiga chafya: kuvuta pumzi kuko kwenye simu yake, chafya yenyewe imekwenda kwa mpishi, ambaye amenipigia kuuliza amekosa nini.

2. Taa za ukumbi zilikuwa za kubadilika rangi. Kwa hiyo dansi yote imekatwakatwa kama kitunguu. Kuna faili ambamo mguu wangu wa kulia umepanda na hadi leo haujashuka. Wajukuu wa jirani wanalichezesha faili hilo mfululizo. Nikipita wananiuliza, "Babu, utashuka lini?"

3. Mdogo wangu, yaani Baba Mdogo wa bibi harusi, alisimama mbele ya pazia jeupe, hakutikisa hata kope, akahutubia mpaka barafu ya vinywaji ikawa maji. Mpiga picha alikuwa ameshakata tamaa na kwenda kula, kwa hiyo hakukuwa na flashi. Programu yenu haikuona pa kukata. Hotuba imebaki nzima! Ndugu zangu, katika yote yaliyotokea siku ile, hilo ndilo mlilolionea huruma? Sasa Baba Mdogo anatembea kifua mbele. "Mnaona," anasema, "hata mashine imekiri hapa hapakatiki."

4. Vipande mmevipa namba badala ya majina. Mliwahi kuishi na watu nyinyi? Ndugu hawakuona namba za mafaili, waliona vyeo. Shemeji yangu mmoja amegundua kwamba namba ya faili lake iko nyuma ya ile ya masufuria, na anataka kujua ni kikao gani kilichopitisha jambo hilo.

5. Hili ndilo lililonifanya niweke mkasi chini na kushika kalamu. Mfungishaji ndoa alimgeukia bwana harusi akamuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kama anakubali kumchukua binti yangu awe mke wake. Swali likaisha. Flashi ikamulika. Programu ikakata. Kijana akajibu katika faili linalofuata.

Faili lenye swali lilikwenda kwa Shangazi, kwa sababu kofia yake imeziba robo ya picha. Faili lenye jibu lilikwenda kwa dada wa mke wangu, ambaye watoto humwita Mama Mkubwa, kwa sababu hapo ndipo alipoanza kushangilia. Wawili hawa walikuwa hawasemeshani tangu harusini, kisa ni hiyo hiyo kofia na nani alimzuia nani kuona.

Matokeo yake ni haya. Shangazi ana harusi ambayo kijana ameulizwa, amemeza mate, na mambo yakaishia hapo. Nikimwambia dada, kijana alijibu, tulikuwepo wote, ananiambia, "Mimi sikusikia, nilikuwa nalia. Na video yangu haikusikia." Ametangaza kwamba hatamwita mkwe mtu ambaye bado anafikiria. Mama Mkubwa, kwa upande wake, ana faili ambamo kijana anasema, "Ndiyo! Tena sana!" na hakuna ajuaye anakubali nini. Jirani zake walioonyeshwa wanaamini alikuwa anaulizwa kama ataongezewa wali.

Mtasema niviunganishe. Vipi? Vipande viko kwenye simu zao. Nilimwomba Shangazi anirudishie cha kwake, akasema, "Aanze yule." Nikaenda kwa yule, akasema, "Aanze mwenye kofia."

Mimi ningevumilia. Lakini Jumapili hii maharusi wanakuja kututembelea kwa mara ya kwanza tangu waondoke, na Shangazi ameshaapa kubaki kwake. Nilipomsimulia binti yangu kwenye simu kwamba shangazi yake anasubiri jibu la mumewe, mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka. Aliniuliza polepole, "Kwa hiyo hatakuja kabisa, baba?" Shangazi ndiye aliyemfundisha kutembea, kati ya meza yangu ya kukatia na mlango. Programu yenu haina kitufe cha hilo.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mnifanyie yafuatayo kabla ya Jumapili.

Kwanza, mniandikie cheti chenye mhuri kwamba bwana harusi alijibu, alijibu vizuri, na kwamba ukimya unaosikika ni wa kwenu.

Pili, mtengeneze kitufe cha kuunganisha vipande vilivyomo katika simu za watu wasiosemeshana. Msiniambie ni kigumu. Mliweza kutenganisha swali na jibu lake, jambo ambalo hata mawakili hulifanya kwa taabu.

Tatu, kama kitufe kitachelewa, mtume afisa mmoja, mpole, asiyevaa kofia, aje kukaa katikati ya kochi Jumapili tangu asubuhi. Atalishwa.

Nne, kama hayo yote yatashindikana, harusi irudiwe upya kwa gharama zenu, bila flashi, na Baba Mdogo apewe kazi ya kulinda magari.

Nisalimieni mhandisi aliyebuni kile kirungu cha usikivu, mama yake, mkewe ikiwa bado anamsikiliza, wenzake wote wa ofisini, na mlinzi wa getini. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa salamu zake nimezifupisha.

Ni mimi mteja wenu niliyekatika,
Fundi Cherehani, Baba wa Bibi Harusi

Tanbihi: Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, nimelazimika kuifungua. Mama Mkubwa alikuwa hapa karakana, ananisubiri nimpunguzie gauni kiunoni, mara Shangazi akaingia bila hodi kunionyesha kwa mara nyingine jinsi kijana asivyojibu. Hawakusalimiana. Shangazi akapandisha sauti ya simu hadi juu, mfungishaji ndoa akauliza swali lake, kukawa kimya. Mama Mkubwa, bila kuinua uso, akabonyeza simu yake. "Ndiyo! Tena sana!"

Cherehani ilisimama yenyewe. Shangazi akasema, "Hebu rudia." Akauliza tena, kijana akajibu tena. Shangazi akasema, "Chelewa kidogo, mama, usimdakie. Mwache ameze mate kwanza." Sasa wamebanana kwenye benchi moja tangu mchana, mmoja anauliza, mwingine anajibu, na wamempigia binti yangu asikilize. Amecheka hadi simu ikamdondoka. Jumapili wanataka wawaonyeshe maharusi wenyewe, na wamenionya kwamba atakayethubutu kuviunganisha vipande hivyo atajitafutia ukoo mwingine.

Kwa hiyo nawaombeni sana, kitufe msikitume. Kama kimeshatoka, nielekezeni namna ya kukificha. Cheti pia kiacheni. Shangazi anauliza tu kama mnaweza kumkatia na video ya harusi yake mwenyewe, maana mumewe anadai hadi leo kwamba yeye hakuulizwa.