Mumbe Kwanza

Jumatatu, 7 Juni 1999

Mumbe wangu! Wiki ya tatu ya ndoa na bado ninaamka nikishangaa kwamba ni wangu. Leo ameunguza chapati zote. Nimezila zote, nikaomba nyingine.

Doa ni moja tu: Enos. Ana ofisi ya kupiga taipu pale Kona ya Musa, na anataka Mumbe akamfanyie kazi. Anataka jibu Jumamosi. Mumbe wangu ashinde kutwa na Enos? La hasha!

Nina mpango. Hoteli ninayofanyia kazi imeuza kompyuta zake kuukuu kwa hofu kwamba zitagoma mwaka elfu mbili ukiingia, nami nimechukua mbili. Moja ipo sebuleni, ina diski kubwa na printa. Nyingine ipo chumbani, dirishani, Mumbe apate upepo. Zote nimezitia Linux, programu ya kuziendesha, kutoka kwa CD aliyoniachia mgeni mmoja Mjerumani, pamoja na kitabu chake. Nitaziunga kwa waya. Mumbe ataandika chumbani, kazi itajihifadhi sebuleni, printa itachapa. Ataajiriwa na mapenzi!

Mumbe amekubali kunijaribu. Ametunga nyimbo za tamasha la kwaya la Msambweni, Jumapili hii. Zikisafiri kwa waya na kuchapwa kufikia Jumamosi, Enos amemkosa.

Kila mashine inataka iandikishiwe watu watakaoitumia. Katika yangu, ya sebuleni, nimemwandikisha Mumbe kwanza, kisha mimi. Mke kwanza, daima! Ya chumbani ameiandikisha mwenyewe, akanifukuza nisichungulie. Ana siri. Nampenda mwenye siri.

Jumanne, 8 Juni

Bi Mbodze, mwenye nyumba, amenikataza nisitoboe ukuta wake. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia marahaba mara mbili, akakataa tena. Akauliza waya wa nini. Nikamweleza kwa ufasaha. Akatazama pazia linalotenga chumba na sebule. "Mwanangu, mkeo yuko pale. Huwezi kumwita?"

Hajui sayansi, maskini.

Nimepitisha waya dirisha la chumbani, nje ukutani, ukaingia dirisha la sebuleni. Saa nne mashine zilisalimiana. Nililia! Saa tano zikanyamaza. Kutoka nje, nikakuta Bi Mbodze ameanika leso nne na shuka juu ya waya wangu. Kichwa cha waya kimeng'oka. Akasema kamba nzuri, ila imekaa chini kidogo.

Jumatano, 9 Juni

Nimeinua waya. Mashine zinasalimiana tena. Mumbe ameandika nyimbo zote chumbani, nazo zimekaa kwenye diski ya sebuleni. Ushindi!

Ameziwekea kufuli, mwenyewe tu aweze kuzifungua, kwa sababu kwaya ya kina Rispah, wapinzani wao, ni wezi wa nyimbo. Nimemwoa mwanamke mwenye akili, jamani.

Nilikutana na Enos sokoni, nikamsimulia ushindi wangu. Akauliza, "Bro, si ungezibeba tu kwa diski mfukoni?" Nikacheka kicheko cha dharau. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi.

Alhamisi, 10 Juni

Msiba.

Mumbe alikuja sebuleni kuchapa. Akajitambulisha kwa jina lake. Mashine ikamkatalia nyimbo zake mwenyewe! Ikaonyesha kwamba mwenye nyimbo ni Kimanzi. Yaani mimi.

Akaniuliza tangu lini mimi ni mtunzi. Nikaapa sijagusa kitu. Ili kuthibitisha, nikaingia kwa jina langu. Zikafunguka zote, mara moja, kama mbwa anayemjua bwana wake. Sikupaswa kuthibitisha.

Akasema kina Rispah nao ni wezi, ila angalau si waume zake. Amelala ameelekea ukutani. Mgongo wake nao ni mzuri.

Ijumaa, 11 Juni

Nimesoma kitabu cha Mjerumani mpaka macho yakawaka. Nimepata! Mashine hazijali majina. Mtu wa kwanza kuandikishwa hupewa namba mia tano, wa pili mia tano na moja. Zinapozungumza kwa waya, hutambua watu kwa namba tu. Mimi nilimtanguliza Mumbe. Na Mumbe katika mashine yake, siri yake ile, alinitanguliza mimi! Kwa hiyo Mumbe akiandika chumbani kwa namba mia tano na moja, sebuleni namba hiyo ni yangu, naye anaonekana ni mimi.

Tumegombana kwa kupendana mno! Nikamwambia, akacheka, akalia, akanipikia chapati. Zimeungua. Tamu ajabu.

Imebaki kurekebisha tu. Nimemwambia asihangaike, kesho kila kitu kitakuwa sawa. Naye akaniambia vivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Juni

Alfajiri, Mumbe akioga, nimebadilisha mashine yangu ifuate aliyoyapanga yeye. Namba kwa namba: mimi mia tano, yeye mia tano na moja. Kisha nikaenda Ukunda kununua karatasi, nikipiga mluzi njia nzima.

Nereah, kiongozi wa kwaya, alifika saa sita. Bi Mbodze akaja kutazama. Mumbe akaketi chumbani kuongeza ubeti wa mwisho. Akakataliwa! Mwenye nyimbo: Kimanzi.

Ikabainika kwamba nilipokuwa Ukunda alibadilisha yake, ifuate niliyoyapanga mimi mwanzo. Alitaka kunifurahisha.

Nereah akauliza kama watachapa kabla ya Krismasi. Mumbe akainuka, akasukuma pazia, akaketi kwenye mashine yangu. Nyimbo zikafunguka. Akaongeza ubeti, akachapa. Bi Mbodze akaniambia, "Unaona? Ametembea." Kisha akaenda kuanua leso.

Mumbe alinishika mkono, akasema ubeti wa mwisho haukusafiri kwa waya, ahadi ni ahadi. Jumatatu anaanza kwa Enos. Nikasema sawa, kipenzi.

Jumapili, 13 Juni

Wameimba Msambweni, watu wakasimama. Wimbo wa tatu ulinihusu mimi! Kina Rispah walinuna. Nimelia mbele ya wachungaji wawili.

Tukiwa njiani nikawaza. Kosa halikuwa mpango, kosa ni waya kuishia kwetu nyumbani! Enos ana kompyuta mbili ambazo hazijaungwa. Nikiziunga, nitakuwa pale na Mumbe kila siku ya mapumziko yangu. Nimemwambia Enos. Ameguna tu. Nimechukua mguno kuwa ndiyo.

Mashine ya mbele nitaandikisha mimi, nyingine ataandikisha Mumbe. Yangu nimeshaamua: Mumbe kwanza, daima.

Nilipomuuliza yake ataipanga vipi, akatabasamu, akasema hiyo ni siri. Mke gani huyu, jamani!