Muhuri wa Edmonton

Jumatatu, 3 Machi 2025
Asante Mungu! Mama Bhavini, ninayemsafishia nyumba Ilford, si mbali na kwangu Edmonton huku ughaibuni, anahama. Kanipa sarafu ya marehemu mumewe. Ya fedha tupu, ya wakoloni wa Kihispania. Kasema nimemtunza miaka sita, niiuze nipande ndege niende nyumbani kwenye sendofu ya kumuaga binti yangu Haika anayeolewa. Nililia mbele ya ndoo. Miaka tisa sijamwona mtoto.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Vinod, Mhindi wetu wa Tanga, mnunuzi wa sarafu. Kasema niilete Jumamosi. Tatizo: sarafu ina kovu. Mtu kaigonga kwa kitu, ikabaki alama kama jua juu ya milima. Itashuka bei! Lakini mimi si msafishaji? Nikaisugua kwa tupa ya fundi chuma, kisha dawa ya meno. Saa mbili nzima. Inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Jumamosi, 8 Machi
Vinod kashika kichwa. Eti kovu ndilo mali! Guatemala ilipokuwa taifa changa ilichukua pesa za mkoloni, ikazigonga muhuri wake, zikatumika tena. Akauliza nani kaufuta. Nikasema wezi. Akauliza wezi gani wanasugua halafu wanarudisha. Hata hivyo kanipa chai na sambusa mbili. Mtu mwema.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza. Kama nchi changa iligonga, mimi nashindwa nini? Msumari, nyundo, choo cha kazini. Milima imetoka vizuri. Jua limetoka buibui.

Jumatatu, 10 Machi
Vinod kacheka mpaka kakaa chini. "Kaka, hii ilikuwa ya Hispania, ikawa ya Guatemala, sasa imetekwa na Edmonton!" Kanirudishia. Safari imekufa.

Ijumaa, 14 Machi
Jumanne nilimwambia Mzee Telesphor, mwenyekiti wetu Watanzania wa Edmonton, kwamba siendi. Kanifokea: "We mjinga, michango ni ya kazi gani? Haika ni binti yetu sote!" Siku tatu tu wamechanga. Hata Vinod katoa! Tiketi ninayo. Haika kapiga vigelegele kwenye simu, sikio bado linalia. Mungu awazidishie.

Jumapili, 16 Machi
Nilikwenda kwa Mzee Telesphor kumshukuru. Maneno hayatoshi. Kabatini nikaona medali ya vita ya babu yake, nyeusi tii, haijawahi kuoneshwa tupa. Alipoingia jikoni nikaitia mfukoni. Kesho ataikuta laini kama kioo, atafurahi huyo! Ina maandishi madogo madogo, yamejaa uchafu. Nimeanza na hayo.