Ushahidi wa Pampu

Nimeaibika leo mbele ya jengo zima, na bado nasema haki yangu iko palepale.

Mnajua nilihamia Isevya, hapa Tabora, kwenye nyumba ya ghorofa, mimi nikapata chumba cha chini. Nje ya dirisha langu wamefunga pampu inayopandisha maji kwenye matangi ya juu. Ikiwashwa alfajiri, vikombe vinacheza kabatini. Nimelalamika mpaka mate yamenikauka. Mama Zainabu, mwenye nyumba, jibu lake ni moja tu: "Mbona wenzako hawasemi? Niletee ushahidi."

Haya. Jana nikaweka simu dirishani irekodi mpaka asubuhi, nikajilaza kuingoja pampu.

Leo tukawa na kikao cha wapangaji, uani. Nimevaa dera jipya. Nimekuja na spika ninayotangazia asali yangu sokoni. Rekodi sikuisikiliza kwanza. (Ya nini? Pampu si naijua.)

"Wapangaji wenzangu," nikasema, "sikieni ninachovumilia wakati nyie mmelala."

Nikaisogeza rekodi mpaka alfajiri, nikabonyeza. Pampu ikanguruma ua mzima. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama Zainabu akaangalia chini. Mimi nimeshika kiuno.

Kisha ikaingia sauti nyingine. Nzito. Inapanda kama lori la tumbaku kwenye kilima, inakwama, halafu inateremka na mluzi. Ikaifunika pampu kabisa.

"Hiyo ya pili ni mashine gani?" akauliza Mama Zainabu.

"Ni pampu hiyohiyo, imeingia hewa," nikamjibu. (Wallahi niliamini.)

Mzee Kassim, fundi cherehani anayekaa juu yangu, akakohoa kidogo. "Samahani, mwanangu. Hiyo sauti naijua. Siku zote najiuliza, mbona hata umeme ukikatika pampu inanguruma?"

Watu wakaanza kunitazama mmoja mmoja.

Nikaivamia simu niizime, vidole vinateleza. Rekodi ikaendelea. Mkoromo ukakatika ghafla, ikasikika sauti ya Mzee Kassim akipita dirishani, anatoka msikitini. Mimi huyo, sauti nzito ya usingizi: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Kulala wapi, mzee wangu? Na pampu hii? Sijapata hata lepe la usingizi."

Jamani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Zainabu alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la kanga. Mzee Kassim peke yake alijikaza, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Unadhani nilikimbia? Nilisimama hapohapo nikawangoja.

"Mkimaliza mniambie. Pampu mmeisikia, hamkuisikia?"

"Tumeisikia."

"Basi ihamishwe. Mimi sina swichi. Pampu inayo."

Hapo Mama Zainabu akakubali: fundi ataitwa, pampu iende kule getini, mbali na vyumba vya watu. Nimeshinda. Andikeni hivyo.

Tunatawanyika, Mzee Kassim akanisogelea, akasema kwa upole, "Na dirisha, mwanangu, utakuwa unalifunga?"

"Kwa joto hili la Tabora? Hapana, mzee wangu."

Na wewe unayecheka hapo, lala na simu ikirekodi usiku mmoja tu, halafu uilete tusikilize wote. Spika ninayo.