Njia Isiyopita kwa Kobe

Jumapili, 12 Mei 2019. Torino.

Miaka hamsini na mbili nimelala Torino. Kuishi, nimeishi Siena, moyoni. Kesho Nives ataiona Siena kwa mara ya kwanza. Ndoa yetu ni ya uzeeni, ina miaka miwili, na mke wangu ni mkunga mstaafu: hana maneno mengi. Amesema, "Nipe siku moja, mzee. Nikiupenda huo mji, tunahamia. Nisipoupenda, usiniimbie tena Siena mpaka tuzikwe."

Siku moja! Yanitosha.

Kuna kikwazo kidogo. Mimi ni wa mtaa wa Konokono. Ukuta kwa ukuta na sisi wanakaa Kobe, mahasimu wetu. Konokono wa kweli hatii mguu kwa Kobe. Babu hakutia. Baba hakutia. Mimi nilipoondoka kwenda kutafuta kazi nilizunguka, na treni ikaniacha. Kwa hiyo nimechora njia ya kumwonyesha Nives mji mzima bila kukanyaga jiwe moja la Kobe. Nimeichora mara nne. Kazi safi!

Jumatatu, 13 Mei. Siena.

Tumefika. Binamu yangu Galgano, anayeshika funguo za jumba la Konokono, alitupokea. Akasema nimezeeka vibaya. Nikamjibu kwamba nywele zangu angalau zimezeeka pamoja nami, zake zilitangulia.

Nikamwonyesha ramani. Akacheka mpaka akakohoa. Akakiri kwamba hata yeye hupita kwa Kobe akienda kwa daktari wa meno. Konokono wa siku hizi! Nikamuuliza meno ya namna hiyo yana faida gani.

Jumanne, 14 Mei. Siku yenyewe.

Saa mbili asubuhi tuko njiani. Ngazi mia mbili na kumi na mbili kabla ya kahawa. Saa nne Nives akauliza kama ule mnara si uleule tuliouona saa moja iliyopita, upande wa kulia. Nikamweleza kwamba mji wa kale hutazamwa pande zote. Kanisa Kuu tuliliona mgongo. Uwanja mkuu, wanakokimbia farasi wa mitaa kila kiangazi, tuliupa dakika tatu, tulikuwa tumechelewa. Saa sita akavua viatu.

Ndipo tukafika kwenye kona. Mbele yetu kichochoro chenye kivuli, kimenyooka hadi karibu na mlango wa nyumba tuliyopanga. Ukutani, kobe wa jiwe. Nives akauliza kuna nini huko. Nikasema hakuna kitu.

"Mbona kuna watu wanakula aiskrimu?"

"Hao si watu. Ni Kobe."

Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia akina baba wanaozirai wodini. "Haya, mimi nakwenda kwa kobe. Wewe zunguka, baba, zunguka tu."

Akaenda! Nikabaki mpakani namwita. Mwanamume mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza nauza nini. Mwingine akapiga kelele, "Konokono amekwama, mleteeni jani!" Nikazunguka. Dakika arobaini.

Jioni Nives alirudi, miguu imeoshwa, tumbo limeshiba. Akatoa hukumu: mji huu una mtaa mmoja mzuri, na ndio niliomficha. Atahamia, ila huko tu. Bi Fosca, mwenye miaka tisini na mmoja, ana vyumba viwili ghorofani vinavyotazama bustani. Ama hivyo, ama Torino.

Konokono chini ya dari la Kobe! Bora Torino. Nimeandika "bora Torino" nikafuta. Nimeandika tena.

Jumatano, 15 Mei.

Nilikwenda. Mpakani nikafumba macho, Nives akaniongoza kwa mkono.

Bi Fosca alikuwa akikata vitunguu. Akanipima toka viatuni hadi kofiani. "Ovidio wa Argia! Umerudi jikoni kwetu?"

Jikoni gani? Akaeleza bila kuacha kisu. Januari ya mwaka arobaini na tano, barabara barafu tupu. Mama yangu, huyo Argia, akaanguka mlangoni pao na mzigo wa kuni, uchungu ukamshika palepale. Kwetu ni hatua chache, lakini sikusubiri. Nilizaliwa juu ya meza hii. Fosca, msichana wa miaka kumi na saba, alishika beseni. Mama akawaapisha wote wasiseme. "Na sisi Kobe tunajua kufunga mdomo, si kama nyie."

Sheria ya mji wanaijua hata farasi: mtu ni wa mtaa alikozaliwa. Nikamtazama Nives anitetee.

"Nimezalisha elfu tatu," akasema. "Kuzaliwa ni pale kichwa kinapotokea."

Nikakaa. Miaka sabini na minne! Nives akanishika mkono, akaniuliza taratibu kama sasa naona kuta hizi hazina maana. Nikatikisa kichwa kukubali. Macho yalikuwa yamelowa. Vitunguu.

Alhamisi, 16 Mei.

Tunahamia! Vyumba ni vyetu. Nyumbani, hatimaye.

Nimeamka Kobe. Kusema kweli nilihisi siku zote: ile subira yangu, ule mgongo mgumu. Galgano alinipungia mkono sokoni; nikavuka upande wa pili. Konokono ni Konokono.

Nimewaandikia wakuu wa Kobe barua ya kurasa sita, nikiomba nafasi ya kuwafundisha watoto wetu ubaya wa Konokono tangu enzi na enzi. Sifa zangu nimeziweka juu kabisa: nimekaa miongoni mwao miaka sabini na minne, na hawakunishuku hata siku moja.