Siku Kijiwe Kilipoishiwa Maneno

Redio ya Bi Birika, muuza kahawa wetu, ndiyo iliyochokoza. Ilisema wakuu wa vyuo wamekaa hotelini wiki nzima kujadili kwa nini wanafunzi wanaosumbuliwa na Kiingereza wanaacha masomo.

"Wamejadili kwa lugha gani?" akauliza Spika, fundi redio. Huyu kumnyamazisha ni mpaka umeme ukatike, na hata hapo ana betri.

"Kiingereza, bila shaka," akajibu Balozi. Alikuwa mlinzi wa geti la ubalozi, na tangu astaafu anatembea kama aliyeacha ofisi nzima ikimlilia.

"Basi nusu yao nao walikuwa wanatikisa vichwa tu!"

Tukacheka. Cherehani, fundi nguo, hakucheka. Futi yake shingoni, kahawa imempoa mkononi.

"Mpwa wangu anahama bweni leo," akasema. "Yule wa uuguzi. Darasani haelewi, na kuuliza anaogopa kuchekwa. Kafunga begi."

Nikakereka kwelikweli. Binti yule hesabu zake za shule alizifanyia kwenye benchi hili hili, sisi tukibishana majibu na kumkosesha.

"Haachi mtu chuo hapa!" Spika akapiga paja. "Dawa ni mazoezi. Akifika akute kijiwe kizima kinatema Kiingereza. Kuanzia sasa, atakayetoa neno la Kiswahili anaosha vikombe vyote."

"Wazo hilo lilikuwa langu," akasema Balozi, "nilichelewa tu kulisema."

Tukaanza.

Spika akafungua mdomo, akaufunga. Akakohoa. Balozi akakunja nne, akasema "Gudi moning, sa!" ilhali jua linazama, kisha akanyamaza kama anayesubiri gari lipite. Mimi nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ikagoma kutoka. Jirani mmoja akapita, akatuona, akavua kofia.

"Poleni jamani. Nani kafariki?"

Tukatikisa vichwa.

Mara binti akatokea na begi lake, macho mekundu.

"Shikamooni."

Kimya.

"Mjomba, kuna nini?"

Cherehani akajionyesha mdomo kwa kidole. Bi Birika, ambaye hakuingia kwenye ujinga wetu, akamwambia, "Wanakusaidia Kiingereza, mwanangu."

Binti akacheka mpaka akakalia begi. "Hivi ndivyo darasa letu lilivyo! Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, wote tunatikisa vichwa." Kisha kicheko kikamkatika. "Nilidhani mjinga ni mimi peke yangu. Lakini mjomba Spika, ambaye hamwachii hata mtangazaji amalize habari, naye kafungwa mdomo! Basi si akili. Ni lugha."

"Ni lugha!" Spika akalipuka.

"Vikombe!" tukapiga kelele wote, na hapo tukawa tumeangamia wote.

"Mimi simo," akasema Balozi. "Neno langu la kwanza lilikuwa Kiingereza. Sioshi."

"Narudi chuo," akasema binti. "Ila kila jioni nitakuja hapa. Nitawaeleza somo kwa Kiswahili, mnibishie kama kawaida yenu, halafu nilirudie kwa Kiingereza. Nikizoea kwenu, darasani nitanyoosha mkono."

Cherehani akalinyakua begi, akaliweka begani, asije mtu akabadili mawazo.

Tukaanza na figo. Kwa Kiswahili tulibishana mpaka Spika akadai zake ziko tatu. Kisha binti akasimama, akalirudia somo zima kwa Kiingereza. Alijikwaa, akainuka, akajikwaa tena. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua alipojikwaa. Na kadiri alivyoendelea, sauti yake ilipanda.

"Mmeelewa?"

Tukatikisa vichwa.

"Haya, Mzee Balozi, hebu rudia wewe."

Balozi akainuka haraka, akakusanya vikombe vyote. "Ngoja kwanza nivioshe hivi."